Kengele Isiyotaka Kuangaliwa

Bertilla Wilibrodi aliingia kwenye mambo ya kompyuta kupitia mahindi. Alikulia Mwazye, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na ulezi wasiokosa misa ya Jumapili. Alipomaliza kidato cha nne, chama cha ushirika pale Sumbawanga mjini kilimwajiri kuandika kilo zilizoingia ghalani. Wafadhili walipoleta kompyuta, makarani wakubwa waliikwepa, kila mmoja akisingizia macho yake. Yeye aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye akaketishwa mbele yake. Mzungu mmoja wa kujitolea alimwonyesha namna ya kuiwasha na kuizima, akamfundisha kuipa amri kidogo. Siku ya kuondoka akamwachia kitabu kinene cha asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ile mashine inayoielewa yenyewe, ambayo ndani yake neno moja huamuru kitendo kimoja na hakuna zaidi.

Halafu soko likafunguliwa. Wafanyabiashara wenye malori wakawa wanawafuata wakulima mpaka mashambani, wananunua gunia likiwa bado kwenye kichanja, na ushirika ukabaki na maghala matupu yanayovuma upepo. Wafanyakazi wakapunguzwa, mali zikauzwa kwa mnada. Kompyuta ilinunuliwa na Mwalimu Zenon, mzee mrefu aliyestaafu serikalini na kuanzisha shule ya sekondari ya binafsi huko Chanji. Aliondoka nayo kwenye pikapu, keshokutwa yake akarudi kumtafuta Bertilla. Alimwambia kwamba amenunua ng'ombe bila kujua anakamuliwaje, kwa hiyo amekuja kumchukua na mkamuaji.

Shule za binafsi zilikuwa zimeanza kuota mjini, na kila moja ilitaka kuwa na kitu ambacho nyingine haina. Ya Mwalimu Zenon ilikuwa na madarasa manne ya matofali ya kuchoma, jiko la nje, na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye boriti. Mlinzi, mzee Adolfu, aliigonga kwa nondo kila kipindi kilipokwisha. Mwalimu Zenon alitaka kengele ya umeme, na alitaka igongwe na kompyuta, ili mzazi akija aambiwe kwamba hapa muda unaendeshwa na mashine. Fundi umeme akavuta waya kutoka kwenye tundu la printa mpaka kwenye swichi ndogo ya sumaku, na kutoka hapo mpaka kengele nyekundu iliyofungwa chini ya paa la ofisi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya Bertilla.

Mwanzoni aliandika programu nyepesi, ikafanya kazi vizuri, ila mashine nzima ikawa inakaa inatazama saa tu. Mwalimu Zenon alitaka pia kuchapa barua na ripoti za wanafunzi kwenye mashine hiyohiyo. Ndipo Bertilla alipokifungua kile kitabu cha asembli kwa mara ya kwanza akiwa na shida ya kweli. Ilibidi kengele ikae ndani ya kumbukumbu ya mashine kimyakimya, mtu akiwa anachapa juu yake bila kujua, halafu kila mara iinue kichwa, itazame saa, ilinganishe na ratiba yake, na kulala tena. Alihangaika na jambo hilo msimu mzima wa mvua. Siku kengele ilipolia yenyewe huku Mwalimu Zenon akiendelea kuchapa barua, mzee yule alivua miwani akaipangusa, akasema kwamba serikalini alikaa miaka yote ile na hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Muhula mmoja ukapita salama. Mzee Adolfu alibaki bila rimu ya kugonga na hakulipenda jambo hilo. Wanafunzi walimwona akisimama chini ya ile kengele nyekundu, ameinua uso, anaisubiri ilie. Mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ilipokaza, kifua kikambana, akalazwa.

Kengele ilipokosea mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Ukungu ulikuwa umeteremka ukafunika uwanja, milingoti ya goli haionekani. Shule haikuwa na vipindi. Mama Fransiska, mpishi, alikuwa jikoni anachambua maharage, Mwalimu Zenon yuko ofisini anachapa, na Bertilla alikuwa barazani akianika vitambaa vya ubao visivyotaka kukauka. Kengele ikalia, ndefu, kama ya kuita watu gwaride. Wanafunzi wa bweni wakatoka mmoja mmoja kwenye ukungu, wakasimama mistari, wakangoja. Hakuna aliyejua wanangoja nini. Bertilla alitazama saa yake ya mkononi akaona robo imepita kidogo tu, wakati ambao haukuwemo kwenye ratiba yoyote aliyoiandika. Jioni mtu akaja kutoka hospitali kusema kwamba mzee Adolfu amefariki mchana ule.

Wanafunzi walisema amekuja kugonga kengele yake. Walisema kwa utani, lakini toka siku hiyo hakuna aliyepita chini ya lile paa akiwa peke yake.

Mara ya pili ilikuwa katikati ya mtihani. Tena robo imepita, nusu haijafika. Kidato cha pili waliinua vichwa wote kwa pamoja, na mvulana mmoja anayeitwa Timoth, mtoto wa mvuvi wa Kabwe, akaweka kalamu chini na hakuishika tena. Alipoulizwa alisema mkono umepoa. Kesho yake ami yake akashuka kwenye gari akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaja kumchukua. Baba yake mtoto alikuwa amezama ziwani, na mwili ulikuwa bado unatafutwa.

Mama Fransiska ndiye aliyelisema kwa sauti. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anamenya viazi, Bertilla amekuja kuomba maji ya moto ya chai, na yule mama akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, hicho kitu chako kinaita."

"Ni kosa tu, mama. Nitalitafuta."

"Litafute. Lakini likitafutwa lisipoonekana, uje uniambie."

Kila mtu anajua jina la mji wa Sumbawanga lina maana gani, yaani tupa uchawi, na kwamba wageni hulitamka huku wakicheka nusunusu. Wenyeji hawacheki. Bertilla alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anapanga chumba Chanji, hana mume, anashinda na chombo ambacho hakuna mwingine aliyejua kinafanyaje kazi. Jirani aliyekuwa akimwazima jiko akaacha kumwazima. Akina mama kisimani wakawa wanampisha ateke kwanza, wote, na kunyamaza mpaka amalize. Hakutukanwa wala hakuulizwa kitu. Alipishwa tu.

Basi akaanza kulitafuta kosa.

Mjini, karibu na stendi, kulikuwa na kijana aliyeitwa Kasmir. Alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, na kila aliporudi kutoka Dar es Salaam alirudi na disketi. Bertilla alimweleza shida yake, lakini mambo ya misiba hakuyagusa. Kasmir akasema anachohitaji ni debaga, programu ya kuishika programu nyingine na kuiendesha neno moja moja ili uone inapojikwaa. Alikuwa nayo moja kubwa, ya rangi, inakaa kwenye disketi kadhaa. Alimwonyesha, na kwa kweli ilipendeza. Skrini iligawanyika madirisha. Upande mmoja maneno ya programu, upande mwingine rejista, yaani vile visanduku vidogo ambamo mashine hushikilia namba inazofanyia kazi, na chini kumbukumbu yote. Kila kitu kilichobadilika kiling'aa.

"Dada, ukiwa na hii hakuna kosa linalojificha," Kasmir akasema. "Kwa anayejifunza ndiyo yenyewe."

Akaenda nayo shuleni. Kila jioni baada ya vipindi alifunga mlango wa ofisi na kuiendesha kengele yake ndani ya yale madirisha. Neno moja, anasimama, anatazama. Neno jingine. Kengele iliinua kichwa, ikatazama saa, ikapita kwenye ratiba, ikafika kwenye nafasi ya mwisho. Nafasi hiyo aliiacha tupu kwa ajili ya kengele ya dharura, kama moto ukitokea. Ikaiona tupu, ikalala. Alirudia mpaka macho yakamwasha. Programu ilikuwa mtoto mtiifu wa darasa la kwanza. Na siku zote ambazo ile debaga ilikuwa kazini, kengele haikukosea hata mara moja.

Kulikuwa na tatizo jingine dogo ambalo wakati huo hakulitilia maanani. Debaga ile ilikuwa kubwa mno, ikijaa kwenye mashine hakubaki nafasi ya programu ya kuchapia. Mwalimu Zenon ilimbidi angoje, au aandike kwa mkono.

Akaigeukia DEBUG, ile ndogo iliyokuja na mashine yenyewe. Hiyo haina rangi wala dirisha. Ukiifungua inakuwekea kistari kimoja upande wa kushoto na kunyamaza, inakusubiri wewe. Ukiuliza inajibu kwa namba tupu, na usipojua unachouliza haikusaidii. Mwanzoni hilo lilimchosha. Baada ya siku chache akagundua kwamba anajifunza kwa kasi kuliko kwenye ile ya rangi. Kule vitu vilikuwa vinang'aa na yeye anafuata mng'ao. Huku ilimlazimu akae kwanza, ajiulize namba gani inapaswa kuwa wapi, ndipo aulize. Alianza kuijua mashine kama mtu anavyojua njia ya nyumbani kwenye ukungu, kwa miguu. Hata hivyo, kosa halikuonekana. Kengele ilipita mbele yake hatua kwa hatua, safi kabisa. Akiifunga DEBUG na kwenda zake, anaondoka na ubaridi mgongoni, kana kwamba kitu kilichokuwa kimebana pumzi sasa kimepumua.

Akarudi kwa Kasmir kurudisha disketi. Safari hii alimweleza yote, pamoja na mzee Adolfu na baba yake Timoth. Kijana alisikiliza huku mashine ya fotokopi ikiendelea kutoa karatasi ambazo hakuziangalia.

"Ukiiangalia inatulia, ukiiacha inalia," akasema.

"Ndiyo."

"Dada Bertilla, kosa la programu haliogopi kuangaliwa. Halina macho."

Alipoziweka zile disketi mezani, Kasmir hakuzishika. Alichukua rula akazisukuma polepole mpaka pembeni ya meza, akasema akae nazo tu, yeye ana nyingine. Bertilla alitoka pale na kupita sokoni bila kununua kitu. Lakini maneno ya yule kijana yalimkaa, na kadiri alivyoyageuza kichwani ndivyo alivyoona yana ukweli ambao mwenyewe hakuukusudia. Kosa halina macho. Kwa hiyo haliwezi kujua kama linaangaliwa. Kama linaondoka yeye akiangalia, basi kuna kitu ambacho kuangalia kwenyewe kunakiondoa.

Kesho yake asubuhi alimwamkia Mwalimu Zenon na kumuuliza alikuwa anafanya nini Jumamosi ile ya ukungu. Mzee akafikiri, akasema alikuwa anachapa barua kwa bodi ya shule kuhusu matibabu ya Adolfu. Na siku ya mtihani? Alikuwa anachapa ripoti za kidato cha pili.

"Ripoti ya Timoth ilikuwemo?"

"Wote walikuwemo," akasema Mwalimu Zenon, na uso wake ukabadilika. "Unataka kuniambia nini?"

Hakujua bado anataka kumwambia nini. Alichojua ni kwamba mara zote mbili programu ya kuchapia ilikuwa imefunguliwa, na kwamba debaga zote mbili zilikuwa zinaishika kengele ikiwa peke yake kwenye mashine. Ile kubwa iliifukuza programu ya kuchapia kwa ukubwa wake. Ile ndogo ilikuwa inaishika kengele mkononi na kuiendesha yenyewe, kila kitu kimepangwa mahali pake kabla ya kuanza. Alikuwa amemchunguza mgonjwa akiwa amelala tu, wala hakuwahi kumchunguza akitembea. Alihitaji chombo kidogo kiasi kwamba kisisukume kitu chochote. Chombo cha namna hiyo Kasmir hakuwa nacho, wala hakikuwemo kwenye kitabu. Akakitengeneza. Yalikuwa maneno machache ya asembli aliyoyapachika ndani ya kengele yenyewe, ili kila inapoinua kichwa iandike kwenye kona ya juu ya skrini namba ya mahali inapotazama.

Ile namba ikawa inakaa pale konani, rangi ya kijivu, juu ya barua za Mwalimu Zenon. Ilimsumbua mzee. Alisema anachapa huku anahisi mtu amekaa nyuma yake. Lakini alivumilia.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alikuwa anachapa ripoti za kidato cha tatu. Bertilla amesimama nyuma yake. Nje upepo ulikuwa unasukuma vumbi jekundu uwanjani na madirisha yanalia. Mzee alipofungua faili jipya, namba ya konani ikabadilika. Bertilla alikuwa anaijua ile ya mwanzo kwa moyo, na hii haikuwa yenyewe. Kengele ilikuwa haitazami tena kwenye kumbukumbu yake, ilikuwa inatazama ndani ya kumbukumbu ya programu ya kuchapia. Alikuwa ndio kwanza anafungua mdomo kusema, kengele ikalia juu ya vichwa vyao.

Ililia mpaka ikaisha. Darasa la karibu, mwalimu aliyekuwa anafundisha alinyamaza, na hakuna mwanafunzi aliyesogeza kiti.

"Mkuu, nipishe hapo," Bertilla akasema.

Akaketi. Akaifunga programu ya kuchapia na kuifungua DEBUG. Mashine ile haikuwa na desturi ya kufagia kumbukumbu mtu anapoondoka. Kilichokuwepo kilibaki mpaka kije kingine kukifunika, na DEBUG ilikuwa ndogo, haikufunika kitu. Akaandika herufi ya kuomba ionyeshwe kumbukumbu, akaandika ile namba ya konani, akaongeza mahali ilipokaa nafasi ya kengele ya dharura. Mistari ya namba ikapanda upande wa kushoto. Upande wa kulia DEBUG huonyesha namba hizohizo kama herufi, pale zinapoweza kusomeka. Hasa kwenye nafasi ile, bila kupungua wala kuzidi hata herufi moja, kulikuwa na neno HELLENA.

Kosa likawa wazi kwake kwa mkupuo. Kwenye kila nafasi ya ratiba alikuwa ameiambia mashine isome kwenye kumbukumbu ya kengele yenyewe. Kwenye nafasi ya mwisho tu, ile ya dharura, alisahau. Kwa hiyo pale mashine ilisoma mahali popote ambapo programu inayofanya kazi wakati huo imejiweka. Kwa mashine herufi ni namba tu, na saa pia ni namba. Kengele ilikuwa inasoma majina ya watu na kuyadhania saa. Ndiyo sababu ililia wakati ule mmoja, robo imepita na nusu bado, kwa kuwa mashine huigawa saa moja vipande mia mbili hamsini na sita, na namba za herufi kubwa, sitini na tano hadi tisini, zote huangukia hapo. Alimweleza Mwalimu Zenon haya yote haraka haraka, sauti yake ikiwa juu kuliko kawaida, na mzee aliitikia kwa kichwa kila alipoelewa kitu.

Halafu mzee akaonyesha skrini kwa kidole bila kuigusa. "Huyo ni mama wa mtoto wa kidato cha tatu. Nilikuwa nachapa jina la mzazi."

"Ni jina tu, Mkuu."

"Naweza kuifungua ile barua ya Adolfu. Tuone ilikuwa imesoma nini siku ile."

"Hapana," Bertilla akasema. "Usiifungue."

Mwalimu Zenon alikuwa amewahi kwenda Mwazye kwenye kipaimara, alikula ugali wa ulezi nyumbani kwa kina Bertilla, na alijua kwamba mama yake anaitwa Hellena. Hakulisema. Alisema tu kwamba kesho asije kazini, aende nyumbani. Bertilla akajibu kwamba kwanza ataitengeneza. Ilikuwa neno moja la kuongeza. Akalikosea, akalifuta, akaliandika tena. Kisha akaitoa ile namba ya konani, akafunga ofisi, na usiku huo alilala na nguo za safari.

Mwalimu Zenon alituma mtu kwa yule mzazi wa kidato cha tatu, akakutwa mzima, anapalilia.

Ijumaa Bertilla alipata lori la kwenda Mwazye. Alikaa juu ya magunia na wanawake wengine, kanga imemziba masikio kwa baridi, na njia nzima hakuzungumza. Alipoteremka alitembea mpaka akaiona nyumba, na uani akamwona mama yake amekaa kwenye mkeka, anapepeta ulezi, makapi yanaruka na upepo. Akakaa chini palepale njiani.

Mama yake alimwona, akaacha ungo, akamfuata. "Umepata habari upesi hivi? Nani amekuambia?"

"Shikamoo mama. Habari gani?"

"Marahaba. Ya somo yangu. Hukujia msiba?"

Somo yake mama alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya kijito, Hellena kama yeye. Walibatizwa siku moja na padri mmoja, walicheza ngoma pamoja, waliolewa mwaka mmoja. Alikuwa amefariki jana yake akiwa shambani, ameinama kwenye matuta, bila kuumwa. Bertilla aliuliza ilikuwa saa ngapi. Mama yake alisema jua lilikuwa limeanza kuinama, na nani anaangalia saa wakati kama huo. Akamtazama mwanawe usoni, na Bertilla akaona afadhali asiulize zaidi. Akavua viatu, akamsaidia kubeba ule ulezi wa pombe ya msibani. Alimzika somo ya mama yake pamoja na wengine. Kaburini alijikuta anasikilizia kitu, na alichokisikia ni upepo tu na majembe.

Kengele ya Chanji haikukosea tena. Ilianza na kumaliza vipindi kama ilivyoandikwa, mwaka hadi mwaka, hata watu wakasahau kuishangaa. Mtu angedhani mambo yangetulia hapo.

Yalikuja ya namna nyingine. Ilienea mtaani kwamba Bertilla ameifunga kengele. Siku moja mwanamume mmoja asiyemfahamu alikuja ofisini amevaa koti la heshima, akasubiri mpaka Mwalimu Zenon atoke. Akasema baba yake yuko kitandani toka mavuno, ndugu wako mbali, na hawajui waitwe sasa au bado. Aliomba, kwa adabu kabisa, kwamba amfungulie kengele hiyo siku moja tu. Bertilla alimweleza juu ya nafasi ya dharura, na herufi ambazo ni namba. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasema anaelewa kwamba mambo hayo hayasemwi kwa kila mtu. Alipoondoka, Bertilla alibaki ameketi mikono mapajani. Walikuja wengine baadaye. Walikuja mchana, wamevaa vizuri, na hakuna aliyekuja na shari.

Mwalimu Zenon akampa darasa la kompyuta, mashine zilipoongezeka. Waliotaka kuendelea aliwafundisha asembli, na wengi wao waliuliza debaga gani ni nzuri, kwa sababu walishaona zile za rangi mjini. Alizifundisha zote. Lakini mwanafunzi mpya alimwanzisha na kile kistari kimoja, akamwambia ajifunze kuuliza kabla ya kujifunza kutazama. Alipojua kuuliza, alimfundisha kupachika neno lake mwenyewe ndani ya programu. Alimwambia pia kwamba kila chombo cha kuangalia kinakaa mahali, na kikikaa mahali kimesogeza kitu, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kimesogeza nini. Kitu kimoja hakuwafundisha, kuomba kuona kumbukumbu iliyoachwa na mtu mwingine. Wakifika ukurasa ule aliwaambia wausome wenyewe.

Mwalimu Zenon alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi. Alikuwa ofisini anachapa ratiba ya mitihani, akaegemea kiti, na Mama Fransiska aliyemletea chai alidhani amesinzia. Kengele ilikuwa kimya. Ililia wakati wa kumaliza kipindi, ikalia tena wakati wa kuanza kingine, sawasawa na ratiba, huku mwenyewe akiwa amekaa chini yake hivyohivyo.

Msibani watu walikuwa wengi, wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani. Bertilla alikaa upande wa wanawake. Alihisi macho kabla ya kuyaona. Waliokuwa wakimpisha kisimani zamani walikuwa wanamtazama sasa, bila chuki, wanamtazama kama mtu aliyekuwa na habari na hakuileta. Mke wa marehemu naye alimtazama, muda mrefu, kisha akageuza uso. Alitaka kusimama, aseme mbele ya wote kwamba hakujua, kwamba hakuna siku hata moja aliyowahi kujua.

Mama Fransiska akasogea akaketi karibu naye, magoti yakigusana. Alikuwa amezeeka, mikono yake inanuka moshi wa jiko la shule.

"Mimi ndiye niliyempelekea chai," akasema chini chini. "Alikuwa anacheka na kitu alichokiandika. Ingelia, angekufa anaisikia."

Bertilla akaitika kwa kichwa. Nje walikuwa wanaanza kutoa jeneza, na mvua ilikuwa imepungua kidogo. Wale wanawake wawili wakasimama pamoja na wengine, wakavaa viatu vyao vyenye matope, wakafuata.